Mwanya wa Plagi za Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa wenye magari ya petroli na mafundi wa Dar es Salaam, mji ambao sehemu kubwa ya magari yake yalitumika kwanza Japani kabla ya kushushwa bandarini. Yanahusu nafasi iliyopo kati ya elektrodi mbili za plagi, ambayo humu inaitwa mwanya na gereji nyingi huiita gepu. Magari ya dizeli hayamo, kwa kuwa injini zao haziwashi mafuta kwa cheche. Plagi zinazokutwa katika baadhi ya injini hizo ni za kupasha joto tu na hazina mwanya wa kupimwa.

Mwanya wa plagi ni nini, na kwa nini sehemu ndogo ya milimita iwe na uzito kiasi hicho?

Ukiitazama ncha ya plagi utaona elektrodi ya kati ikichomoza kutoka ndani ya kauri nyeupe, na elektrodi ya pembeni iliyoungwa kwenye chuma chenye nyuzi na kupindwa hadi ikaja juu ya ile ya kati. Cheche huruka kati ya hizo mbili. Kwa magari mengi ya abiria umbali huo ni kati ya milimita 0.7 na 1.1.

Mwanya mpana hutoa cheche ndefu, inayogusa mchanganyiko mwingi zaidi wa hewa na petroli, na hivyo moto huanza vizuri hata pale mchanganyiko ulipo hafifu, kwa mfano injini ikiwa silensa, yaani inazunguka bila mafuta kukanyagwa. Gharama yake ni volti. Mwaka 1889 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti inayohitajika ili cheche ivuke ndani ya gesi hutegemea shinikizo la gesi hiyo likizidishwa kwa umbali wa kuvuka. Ukiongeza kimojawapo, volti inayotakiwa inapanda. Ndani ya silinda vyote viwili vipo: mwanya unaoupima wewe, na shinikizo linalobadilika kila unapokanyaga mafuta. Gari likiwa limesimama kwenye taa za Mwenge, hewa inayoingia ni kidogo na shinikizo wakati wa cheche ni dogo, kwa hiyo hata plagi mbovu huweza kuwasha. Gari hilo hilo likiwa limejaa abiria na mizigo, likipanda Kitonga kwenda Iringa, silinda hujaa hewa, shinikizo hupanda, na koili, kifaa kinachozalisha volti za cheche, hudaiwa maelfu ya volti zaidi kwa mwanya ule ule. Ndiyo sababu watu wengi husafiri na gari ambalo mjini halina tatizo lolote, kisha likaanza kukosa mwako mlimani.

Jambo la pili ambalo halisemwi sana ni kwamba koili hubeba kiasi fulani tu cha nishati kwa kila cheche. Nishati ikitumika nyingi katika kuvuka mwanya, inayobaki kwa ajili ya kuiendeleza cheche ni kidogo, na cheche hudumu kwa muda mfupi zaidi. Mwanya sahihi, basi, ni ule mpana kadiri koili ya injini hiyo inavyoweza kuuvuka bila kukosa, hata ikiwa chini ya mzigo mzito kabisa, na bado ikabakiwa na nishati ya kuwasha. Hesabu hiyo ilikwisha kufanywa na waliounda injini, na jibu lake ni namba moja au namba mbili zenye kipeo cha chini na cha juu.

Nitakipata wapi kipimo cha mwanya cha injini yangu?

Kwanza tafuta aina ya injini yenyewe, maana jina la gari halitoshi. Toyota IST yenye alama NCP60 ina injini ya 2NZ-FE ya lita 1.3, na yenye alama NCP61 ina 1NZ-FE ya lita 1.5, Premio nazo zimefungwa injini za aina kadhaa, na mbili kati yake zikiegeshwa pamoja hapo Sinza huwezi kuzitofautisha kwa nje. Alama hizo zimechapishwa kwenye kibati kilichopigiliwa ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, kwa herufi za Kilatini hata kama maelezo mengine yote ni ya Kijapani.

Ukishaijua injini, tafuta mwanya wake katika kitabu cha gari, kwenye stika iliyo chini ya boneti kama ipo, au katika katalogi ya mtengenezaji wa plagi, ambayo hupangwa kwa aina ya injini. Kitabu cha Kijapani kisikutishe, kwa kuwa ukurasa wa vipimo huandika aina ya plagi na milimita kwa tarakimu za kawaida. Kwa 1NZ-FE kipimo ni milimita 1.1. Kwa 1ZZ-FE plagi mpya hutakiwa kuwa kati ya 1.0 na 1.1, na iliyotumika isizidi 1.3. Injini za zamani zenye distributa, hata zile za kampuni hiyo hiyo, nyingi ziliwekewa karibu 0.8, kwa sababu koili moja ililisha silinda zote kupitia rota, kepu na waya ndefu, na volti zilizofika kwenye plagi zilikuwa chache.

Vitabu vya Marekani huandika kwa inchi. Zidisha kwa 25.4 upate milimita: 0.044 ni kama 1.1, na 0.031 ni kama 0.8.

Je, namba zilizoandikwa kwenye plagi zinaonyesha mwanya?

Mara nyingi ndiyo, kwa anayejua pa kutazama. Plagi za NGK zenye 11 mwishoni, kama BKR5EYA-11, zimetengwa kwa milimita 1.1, zenye 9 kwa 0.9, zenye 13 kwa 1.3. Denso nao huweka 11 mwishoni, kama K16R-U11. Namba hiyo ya mwisho isipokuwapo, mwanya huwa ni mdogo zaidi, kwa kawaida kati ya 0.7 na 0.9 kulingana na aina: K16R-U bila 11 ni ya 0.8. Muuzaji akikwambia hizo mbili ni kitu kimoja, ni kweli kwamba zote zitaingia kwenye tundu na gari litawaka, lakini mianya yake imepishana kwa milimita 0.3.

Namba ya katikati ni jambo jingine kabisa, nayo huchanganywa na mwanya kila siku. Hiyo huonyesha uwezo wa plagi kupoteza joto. Kwa NGK na Denso, namba kubwa ni plagi baridi zaidi, na 5 ya NGK hulingana na 16 ya Denso, 6 ikalingana na 20. Kwa Bosch mpangilio umegeuzwa: namba kubwa ni plagi ya moto zaidi. Kurekebisha mwanya hakuwezi kusahihisha plagi ya joto lisilofaa. Herufi R humaanisha kwamba ndani kuna kizuizi cha umeme, kwa kawaida cha takriban omu 5,000, kinachozuia cheche isivuruge redio na kompyuta ya gari. Kwenye gari lenye kompyuta usifunge plagi isiyo na kizuizi hicho.

Plagi ni mpya, imetoka kwenye boksi. Kuna haja ya kuipima?

Ipo. Aina moja ya plagi huweza kutumika katika injini nyingi zenye vipimo tofauti, na kiwandani hutengwa kwa kipimo kimoja tu kati ya hivyo. Zaidi ya hapo, plagi hiyo imesafiri. Imepakiwa, imepakuliwa, imetupwa kwenye rafu ya duka la Gerezani, na huenda imeanguka sakafuni mara moja na kurudishwa kwenye boksi bila mtu kusema. Elektrodi ya pembeni hujipinda kwa pigo dogo sana. Kupima plagi nne ni kazi ya dakika chache, na nathubutu kusema kwamba fundi asiyetaka kuzitumia dakika hizo atakuwa na haraka pia katika kazi nyingine zilizo nzito zaidi.

Ikiwa plagi imeanguka kwenye zege, usiishie kupima mwanya. Kauri ya ndani huweza kupata ufa usioonekana, na plagi ya namna hiyo itavujisha cheche pembeni injini ikibeba mzigo. Inunuliwe nyingine.

Fundi wangu anapima kwa bapa la msumeno wa chuma. Inafaa?

Mtindo huu ni wa zamani na una asili yake. Bapa la kawaida la msumeno wa chuma lina unene wa karibu milimita 0.6, na kwa injini za kabureta zilizotaka mwanya wa 0.6 au 0.7 fundi aliyelipitisha katikati ya elektrodi hakuwa mbali na ukweli. Tatizo ni kwamba bapa halijabadilika ilhali injini zimebadilika. Ukilitumia kwenye IST utakuwa umeufanya mwanya kuwa karibu nusu ya unaotakiwa, na mwenye gari atarudi baada ya wiki akilalamika kwamba injini inatetemeka silensa. Kupima kwa macho ni kubaya zaidi, maana jicho halitofautishi 0.9 na 1.1, hata la fundi mzoefu.

Chombo kinachofaa ni fila geji au kipimo cha waya. Fila geji ni seti ya mabapa membamba yaliyoandikwa unene wake, na inatosha kabisa kwa plagi mpya ambayo nyuso zake zimenyooka. Kwa plagi iliyotumika, kipimo cha waya za mviringo ni bora, kwa sababu elektrodi ya pembeni huwa imekwisha kuchimbika na bapa lililonyooka hulala juu ya kingo za shimo bila kufika chini, likaonyesha mwanya mdogo kuliko ulivyo. Kile kipimo cha duara chenye ukingo unaonenepa taratibu, ambacho huuzwa kwa bei ndogo, kiepukwe hasa kwenye plagi za iridiamu, kwa kuwa watu hukizungusha kwa nguvu na ukingo wake ukaegemea ncha nyembamba ya kati.

Mwanya urekebishwe vipi?

Kinachopindwa ni elektrodi ya pembeni, na hiyo peke yake. Kuupanua, tumia kijiti chenye ndoana cha kwenye kipimo, ukishike chini ya elektrodi ya pembeni na kuivuta juu kidogo kidogo. Usikiegemeze kwenye elektrodi ya kati wala kwenye kauri, kwa kuwa kauri ya ncha hupasuka kwa mkazo mdogo. Kuupunguza, bonyeza elektrodi ya pembeni taratibu dhidi ya kitu kigumu kilicho bapa huku plagi ikiwa imesimama wima. Wapo wanaoigonga sakafuni. Pigo halina kipimo, na mara nyingi huipeleka elektrodi upande, ikawa haikai tena juu ya kitovu cha ile ya kati.

Kipimo kikipita kati ya elektrodi kwa kukwaruza kidogo, bila kulazimishwa na bila kulegea, na kinachofuata kwa unene kikakataa kuingia, umefika. Pima tena baada ya kila kusogeza, kwa sababu chuma hurudi nyuma kidogo baada ya kuachiwa.

Upo mpaka. Haishauriwi kuusogeza mwanya zaidi ya takriban milimita 0.2 kutoka ulipotoka kiwandani, kwenda juu au chini. Ukizidi hapo elektrodi ya pembeni inainama, nyuso mbili haziwi sambamba tena, na cheche huchagua kona moja na kuila. Kama unahitaji 0.8 na mkononi una plagi ya 1.1, rudi dukani ukachukue iliyotengenezwa kwa 0.8. Plagi zenye elektrodi mbili, tatu au nne za pembeni hazirekebishwi hata kidogo.

Nimeambiwa plagi za iridiamu na platinamu haziguswi. Ni kweli?

Kuzipima inaruhusiwa na inafaa, mradi utumie kipimo cha waya na mkono mwepesi. Kuzirekebisha zikiwa mpya kunawezekana kwa uangalifu, ingawa kwa mwenye gari asiyefanya kazi hiyo kila siku ni salama zaidi kununua zenye mwanya wa injini yake. Ncha ya kati ya plagi ya nikeli ina upana wa karibu milimita 2.5, ya iridiamu huweza kuwa milimita 0.4 hadi 0.6 tu. Iridiamu huyeyuka katika nyuzi joto zipatazo 2,446 za Selsiasi, ikastahimili cheche kwa miaka, lakini ni metali ngumu isiyopindika: ikisukumwa upande hukatika.

Zikishatumika hali ni nyingine. Maelekezo ya Toyota kwa injini zenye plagi hizo yanakataza kurekebisha mwanya wa plagi iliyotumika na yanakataza kuisafisha kwa brashi ya waya. Mwanya ukizidi kiwango, plagi hubadilishwa.

Dalili za mwanya usio sahihi ni zipi?

Mwanya ukiwa mdogo mno, injini hutetemeka ikiwa silensa, huchelewa kuitikia unapokanyaga mafuta kidogo, na ncha za plagi huwa nyeusi kwa masizi makavu. Gari hukimbia bila shida ukilikanyaga sana, jambo linalowachanganya wengi.

Ukiwa mkubwa mno, mambo hugeuka. Silensa inaweza kuwa tulivu kabisa, kisha gari likamisi, yaani likakosa mwako, unapopita gari jingine, unapopanda mlima au unapowasha kiyoyozi na kukanyaga mafuta kwa pamoja. Kuwasha asubuhi huchukua muda. Volti zisizopata njia rahisi kwenye mwanya hutafuta nyingine: huteleza juu ya kauri kwa nje hadi kwenye mwili wa plagi na kuacha mistari myembamba, nyeusi, kama penseli iliyochora kutoka juu hadi chini, na mpira wa koili nao hupata alama inayolingana. Mpira huo ubadilishwe pamoja na plagi, la sivyo cheche itaifuata njia ile ile kwenye plagi mpya. Koili inayolazimishwa kutoa volti za juu kwa miezi kadhaa hatimaye hufa, na bei yake ni mara nyingi ya bei ya plagi. Petroli isiyoungua, kwa upande wake, huingia kwenye ekzosi na kuyaunguza masega, yaani kifaa cha kusafishia moshi.

Je, nikiongeza mwanya kidogo gari litakuwa na nguvu au litapunguza ulaji wa mafuta?

Injini iliyo katika hali yake ya kiwandani haitapata nguvu yoyote inayoonekana. Mchanganyiko ulio sawa, ukishawaka, umewaka, na cheche kubwa haiuongezei joto. Kinachoongezeka ni mzigo wa koili. Ulaji wa mafuta hupungua pale tu ambapo mwanya ulikuwa umeharibika na sasa umerudishwa kwenye kipimo.

Vipi kuhusu magari ya turbo?

Turbo husukuma hewa zaidi ndani ya silinda, shinikizo linapanda, na kwa sababu ile aliyoieleza Paschen mwanya huwa mdogo zaidi, wa 0.7 au 0.8 ni wa kawaida. Usinakili kipimo cha injini ya jina linalofanana isiyo na turbo.

Gari langu limefungwa mfumo wa gesi asilia. Mwanya ubaki ule ule?

Swali hili linazidi kuulizwa, na si ajabu. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004, bomba la kutoka Mtwara likaongezeka 2015, na siku hizi foleni kwenye vituo vya kujazia gesi zina teksi, bajaji na magari ya familia kwa pamoja.

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani. Mchanganyiko wa methani na hewa hutaka volti kubwa zaidi kuliko ule wa petroli ili cheche ivuke mwanya uo huo. Matokeo yake hujulikana sana kwa madereva: gari huenda vizuri likiwa kwenye petroli, na mara tu linapohamia kwenye gesi linaanza kumisi, hasa likipanda daraja au likiwa na abiria. Wengi hukimbilia kulaumu mtungi, regulata ya gesi au aliyefunga mfumo, na baadhi yao wana haki. Hata hivyo cha kwanza kukaguliwa kiwe plagi na koili, kwa kuwa udhaifu ambao petroli iliusamehe gesi haiusamehi.

Kawaida ni kuupunguza mwanya kidogo. Gari la 1.1 mara nyingi huwekwa 0.8 au 0.9, na pale ambapo mtengenezaji wa mfumo wa gesi ametoa kipimo chake, hicho ndicho kifuatwe. Kwa kuwa tofauti hiyo hukaribia au kuvuka ule mpaka wa 0.2 uliotajwa hapo juu, nashauri kununua plagi ya joto lile lile iliyotengwa kwa 0.8 badala ya kuibana ya 1.1. Usizidi kuibana ukidhani unaisaidia zaidi, maana gari bado huanza safari kwa petroli kabla ya kuhamia kwenye gesi, na mwanya wa 0.5 utaifanya silensa iwe mbovu kwenye mafuta yote mawili. Jiandae pia kubadilisha plagi mapema kuliko ulivyokuwa ukifanya kabla ya gesi.

Na Kirikuu, bajaji na bodaboda?

Kirikuu, yaani Suzuki Carry na ndugu zake wa injini ndogo, hufuata kanuni zile zile lakini huchoka mapema. Injini ya sentimita za ujazo 660 huzunguka kwa kasi zaidi ili kubeba mzigo ule ule, kwa hiyo kwa kila kilomita plagi zake hutoa cheche nyingi zaidi. Watengenezaji wa plagi wa Japani huyapa magari ya daraja hilo karibu nusu ya kilomita za magari makubwa: 7,000 hadi 10,000 kwa plagi za nikeli. Kwa Kirikuu inayobeba matofali kutoka Tegeta kila siku, kipimo hicho kisivukwe.

Pikipiki nyingi ndogo hutaka kati ya 0.6 na 0.9. Zitazamwe katika kitabu chake.

Mwanya hupanuka kwa kasi gani, na plagi zibadilishwe lini?

Kila cheche hung'oa chembe za metali. Kwa plagi ya nikeli mwanya hupanuka kwa takriban sehemu moja ya mia ya milimita kila kilomita 1,000, wakati mwingine zaidi. Iliyoanza na 1.1 huwa imefika 1.3 au kupita baada ya kilomita 20,000, nako ndiko muda wake huishia. Plagi za iridiamu au platinamu za maisha marefu, ambazo metali hiyo imewekwa kwenye elektrodi zote mbili, hufikia kilomita 100,000. Hapa pana mtego: zipo plagi za iridiamu zilizoundwa kwa ajili ya uwashaji bora, zenye metali hiyo kwenye ncha ya kati pekee, na hizo hazidumu hivyo. Neno iridiamu kwenye boksi halikuhakikishii kilomita 100,000.

Halafu kuna foleni, ambayo odometa haiihesabu. Injini inayozunguka mara 700 kwa dakika hutoa cheche 350 kwa kila silinda katika dakika hiyo, au 21,000 kwa saa, gari likiwa halijavuka kutoka Tabata hadi Buguruni. Cheche za silensa hula kidogo kuliko za mwendo, lakini masizi hujikusanya. Kwa gari linalofanya kazi ya mjini pekee, ni busara kuzitoa plagi za nikeli na kuzipima kila kilomita 10,000.

Plagi za zamani zikisafishwa kwa msasa na mwanya ukarudishwa, hazifai tena?

Zitawasha kwa muda. Cheche hupenda kona kali, na elektrodi iliyotumika imekwisha kuwa ya mviringo, hivyo hata mwanya ukirudishwa kwenye kipimo bado hutaka volti zaidi kuliko plagi mpya. Msasa huacha chembe kwenye kauri na brashi ya waya huacha alama za metali zinazopitisha umeme. Kama unasubiri mshahara, plagi ya nikeli yaweza kuoshwa kwa petroli, kukaushwa vizuri na kurekebishwa mwanya. Iwe ni ya kuvukia mwezi.

Nitajuaje kama plagi ninayouziwa ni bandia?

Plagi bandia zipo sokoni, na mwanya wake hauaminiki kwa kuwa elektrodi yenyewe huliwa haraka. Zipange zote nne mezani. Elektrodi ya kati ikae katikati ya tundu la kauri katika kila moja. Elektrodi za pembeni ziinamie kwa namna ileile. Maandishi kwenye kauri yawe safi na yasifutike kwa kucha. Nyuzi ziwe laini bila mabaki ya kukatwa. Kwenye iridiamu, ncha nyembamba ionekane imeungwa kwa mstari wa kulehemu. Zikipishana mianya kwa milimita 0.2 au zaidi ndani ya boksi zilizofungwa, zirudishe. Dai risiti. Bila risiti hutakuwa na la kupeleka mbele ya Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia.

Nimefunga plagi mpya zenye mwanya sahihi na gari bado linamisi. Nifanye nini?

Anzia kwenye mashimo ya plagi. Ukiikuta oili humo, sili za tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini, zimechoka. Ukikuta maji, uliza kama injini ilioshwa kwa presha, jambo linalofanywa mno kwenye sehemu za kuoshea magari za mji huu. Kisha pima kwa kompyuta: msimbo P0302, kwa mfano, husema silinda ya pili inakosa mwako. Hamisha koili ya silinda hiyo kwenye ya tatu, futa msimbo, endesha. Msimbo ukigeuka kuwa P0303 koili ni mbovu. Ukibaki P0302, hamisha plagi, kisha tazama nozeli na mgandamizo.

Usidanganywe na doa la kahawia linalozunguka kauri karibu na chuma. Hilo husababishwa na chembe za oili hewani kuvutwa na umeme wa volti kubwa. Watu hulidhania kuwa ni moshi unaovuja kutoka ndani ya silinda na kutupa plagi nzima zisizo na kasoro.

Mwisho tazama ukazaji. Plagi huanzishwa kwa mkono injini ikiwa baridi, hadi iguse. Mpya ya milimita 14 yenye washa (pete ya kuziba) kisha huzungushwa nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Iliyowahi kufungwa, kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Ikilegea haipoi vizuri na hulegea zaidi. Ikikazwa mno mwili wake hunyooka na kauri hupasuka, au nyuzi za aluminiamu kwenye silinda hedi huliwa, na hapo gharama haitakuwa tena ya plagi.